Koki Zimeangalia Nyuma

Jumatatu, tarehe 3

Nimepata mtoto! Msichana. Mke wangu amenipigia simu nikiwa kazini ghalani, nimebeba kizimba cha chuma begani. Nikakiachia. Kikamwangukia mguuni dereva wa foklifti, ile mashine yetu ya kunyanyulia mizigo, akapiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Sikukata simu. Mguu ni wake, mtoto ni wangu.

Halafu habari mbaya. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshahamia pale nyumbani na mto wake wa kulalia. Anatangaza kwamba baba akiwa mbali, mjomba ndiye anayetoa jina. Jina analo tayari: la yule mchumba wake aliyemkimbia. Mwanangu aitwe jina la mkimbizi! Jumanne ijayo familia inakaa kuamua.

Nikaenda mbio kwa bosi. Kasema ruhusa mwezi huu ipo ya mtu mmoja tu, na dereva ameshaiomba. Ana shida gani? Amechoka. Nani hajachoka! (Dereva tunamwita Usukani. Hata akitembea kwa miguu, kona anaikata kwa mikono miwili.)

Bosi akapata wazo. Nyuma ya ghala kuna mlima wa matangi mabovu, yale makubwa ya plastiki yanayokaa ndani ya kizimba, juu ya paleti ya mbao. Nusu atengeneze Usukani, nusu mimi. Jumamosi anakuja mama mmoja mwenye shamba la maua. Atakayemuuzia ndiye atakayepanda basi.

Usukani amepewa nusu yenye kivuli. Sijali. Akili haihitaji kivuli.

Jumanne, tarehe 4

Mpango wa kwanza: nyufa zote nizizibe kwa pasi. Plastiki ikipata moto inayeyuka, ikiyeyuka inashikana. Hata mtoto wa darasa la pili anajua, na mimi nilifika la sita.

Pasi nimeazima kwa Usukani, kwa maana ya kwamba hakuwepo.

Ufa wa kwanza uliziba vizuri sana. Pasi nayo ikabaki palepale. Nilivuta, nikaweka mguu ukutani, nikavuta tena. Ilipotoka ilitoka na kipande cha tangi kama sinia. Sasa palipokuwa na ufa pana dirisha.

Usukani ameikuta pasi yake na masharubu ya plastiki. Kaniuliza Jumapili atavaa nini. Nikamwambia avae unyenyekevu. Amenikimbiza kuzunguka ghala lote, lakini kwa mguu ule hawezi kunipata.

Jumatano, tarehe 5

Nimelala, nimeamka na jibu. Kwa nini kutibu wagonjwa? Tangi hili lina plastiki nzima lakini kizimba kimepinda. Lile kizimba kizima, plastiki imepasuka. La tatu lina paleti nzuri tu. Nachukua plastiki ya huyu, kizimba cha yule, paleti ya mwingine. Watatu wabovu wanazaa mmoja mzima!

Nimemweleza bosi. Kasema hivyo ndivyo Usukani anavyofanya tangu juzi. Basi ameniibia wazo kabla sijalipata. Mtu mbaya kweli.

Ila yeye ni mzito kama uji wa jana. Kila tangi analizunguka, analipima, analipangusa, analitazama kama anataka kulioa. Mimi nimegundua njia ya haraka: kizimba nakilaza ubavu, plastiki naisukuma ndani kwa mgongo, nafunga nondo za juu, kwisha. Halafu, ili Usukani asije akanifungulia kwa wivu, kila bolti nimeiponda kichwa kwa nyundo. Haifunguki tena mpaka dunia ikunjwe.

Mke wangu amepiga. Shemeji anamwimbia mtoto lile jina ili alizoee. Nimeongeza kasi.

Ijumaa, tarehe 7

Nimemaliza! Matangi yangu yamepangwa kama askari. Nimeyajaza maji, hata tone halidondoki. Nikamwita bosi.

Bosi akazunguka mbele. Akazunguka nyuma. Akaniuliza koki ziko wapi.

Nikacheka. Nikamwonyesha ule uwazi wa mbele ya kizimba, mahali koki inapotokea. Hapakuwa na koki. Palikuwa na mgongo laini wa plastiki, unanitazama.

Koki zote zipo nyuma, ndani ya nondo, kama wafungwa. Tangi la kwanza nililiingiza kinyume, na mengine yote nikayafuatisha lile la kwanza. Na bolti nimeziponda mwenyewe.

Usukani amecheka mpaka akakaa chini. Kasema ameshafua shati la safari. Nikamjibu atalipiga pasi na nini? Hapo akaacha kucheka, akainuka. Ni ushindi mdogo, lakini leo nachukua wowote.

Mke wangu nimempigia, nikamwambia. Amesogeza simu karibu na mtoto, nikamsikia anapumua. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, tarehe 8

USHINDI! Acha niandike polepole nisiruke kitu.

Mama wa maua alifika mapema, mwembamba, ana viatu vya matope na maneno machache. Akayatazama matangi ya Usukani, akasema mazuri. Akayatazama yangu, akauliza nani aliyelewa hapa.

Usukani hakuweza kuvumilia raha yake. Akasema, "Mama, hebu tazama kama kuna binadamu anayeweza kuifikia hii koki." Akapenyeza mkono wake katikati ya nondo. Mkono ukaingia hadi kiwiko. Ukagoma. Akavuta, akazunguka, akavuta, akaita jina la mama yake. Tulimmiminia sabuni, bosi akamshika kiuno. Nikamshauri akate kona kwa mikono miwili. Hakupendezwa.

Yule mama akasogea karibu. Kisha, kwenye tangi la pili, akapenyeza mkono wake kama kijiti, akafungua koki, maji yakatoka, akafunga, akautoa. Akarudia. Akasema kule shambani kila akilala watu wanafungua koki na kuondoka na mbolea yake ya maji kwa ndoo, na walinzi wake wote wana mikono minene kama ya huyu bwana. Akauliza nani aliyebuni kitu hiki.

Nikajitokeza mbele. Nikasema ni utafiti wa muda mrefu.

Ameyachukua yote! Ametaka na mengine! Bosi alinikazia macho, mimi nikayakwepa. Lakini neno ni neno: ruhusa ni yangu. Nimemuuliza Usukani, mkono wake ukiwa bado umenasa kwenye nondo, kama naweza kuazima shati lake la safari. Amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Jumatano, tarehe 12

Nyumbani! Nilifika jana, kikao ndiyo kinaanza. Shemeji kavaa tai. Akasimama kulitaja jina la mkimbizi wake, mimi nikasimama na langu, tukapigiana kelele mpaka mtoto akalia.

Mke wangu akamnyamazisha kwa kumwita jina. Jina jingine kabisa! Mtoto akatulia, akageuza kichwa. Kumbe amempa siku ileile ya kuzaliwa, na nusu ya mtaa wanalijua. Kasema alituacha tugombane ili mmoja apate sababu ya kurudi nyumbani na mwingine aache kumfuata jikoni.

Sura ya shemeji! Kashindwa kabisa! Nimempa mkono kama mshindi anavyompa aliyeshindwa. Jina ni zuri. Siliandiki hapa, Usukani hufungua daftari hili nikiwa bafuni.

Mke wangu kaniapisha: mipango basi. Nimeapa, mtoto mikononi. Ana vidole kama punje za mchele.

Jioni nimemvuta shemeji pembeni, nikamtangazia kwamba jina la mtoto wa pili nitatoa mimi. Kasema atalitoa yeye. Tumewekeana dau, na mpango nimeshauanza, safari hii hauna kasoro.

Kilichobaki ni kumwambia mke wangu kwamba kutakuwa na mtoto wa pili.