Mwenyekiti Mwenye Ndevu

Dongobesh nzima haikuwa na mwanamke mwenye sauti ya ajabu kama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Tujikwamue. Ukimpigia simu anaanza kwa sauti nyembamba, halafu katikati ya sentensi inashuka na kunguruma kama trekta. Tena alikuwa na ndevu!

Mwenyekiti huyo, kwa jina alilopewa na wazazi, ni Muksini, muuza mabeseni na betri karibu na stendi.

Kisa chenyewe ni tenda. Halmashauri ilitangaza inatafuta wa kupeleka maharage kwenye shule moja ya bweni, magunia arobaini kila mwezi, mwaka mzima. Muksini alipoliona tangazo kwenye simu yake akajua serikali imemkumbuka yeye binafsi. Aliposhuka mpaka chini ya tangazo, akakuta tenda imetengwa kwa vikundi vya akina mama.

Mtu mwingine angerudisha simu mfukoni akaendelea kuuza betri. Muksini akaunda kikundi!

Mwenyekiti akamweka mkewe, Safina. Katibu akawa Raya, fundi cherehani wa jirani. Mweka hazina akawa Mama Genoveva, mkulima wa maharage kutoka kijiji cha Daudi, mama mtu mzima ambaye Muksini humwamkia shikamoo hata akiwa ng'ambo ya barabara.

"Nyie leteni vitambulisho tu," akawaambia. "Mambo ya tenda yana watu wake."

Fomu akajaza mwenyewe. Namba ya simu ya mwenyekiti akaandika yake. Zabuni ikapita, na Muksini akashona suti ya kijivu na kuanza kutembea katikati ya barabara. Vijana wa bodaboda wakimwita kwa jina, hageuki mpaka wamwite Mkurugenzi.

Kisha simu ikaita.

"Haloo, naongea na mwenyekiti, mama Safina?"

"Ndiyeee," Muksini akajibu, pua kaibana kwa vidole.

"Mbona sauti hivyo, mama?"

"Mafua, dada yangu. Baridi ya huku si unaijua!"

"Pole sana. Mimi ni Letisia, afisa manunuzi. Kesho asubuhi nakuja kuwakagua kabla ya kusaini mkataba. Nikikuta kikundi kiko mfukoni mwa mtu, nawafuta, tenda inakwenda kwa wengine."

Muksini alikata simu jasho likimtoka, na baridi yote ile! Dongobesh nzima ilishajua tenda ni yake. Ikifutwa, atapita wapi na ile suti?

Asubuhi wakakusanyika kwenye kibaraza cha Raya, penye gunia moja la maharage ya Mama Genoveva kama sampuli. Muksini alikuwa ameahidi kukaa kimya. Ahadi hiyo ilidumu dakika nne.

Letisia akashuka kwenye gari, binti mdogo tu, faili kwapani. "Shikamoo mama," akamwamkia Mama Genoveva.

"Marahaba mwanangu."

"Mwenyekiti, mafua yameisha?"

"Mafua gani?" Safina akashangaa.

Muksini akakohoa mpaka kuku wakakimbia. Safina akamtazama mumewe, akatazama simu iliyo mkononi mwake, akaelewa kila kitu.

"Aa, yale! Yameisha, dada. Yalikuwa mafua ya kiume kabisa."

Letisia akafungua faili. "Haya. Maharage mtayatunzaje yasibunguliwe?"

"Tunayaweka kwenye mabeseni!" Muksini akadakia. "Tunafunika vizuri!"

Mama Genoveva akamtazama kama anavyotazama jiwe ndani ya debe la maharage. Kisha akaeleza taratibu: unayaanika juu ya turubai mpaka yakauke kabisa, unapeta, unachagua, unatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, unafunga kwa nguvu. Letisia akaandika kila neno. Alipomaliza akainua kalamu.

"Na huyu baba mwenye suti ni nani?"

Muksini akafungua mdomo. Neno "Mkurugenzi" lilikuwa limeshafika kwenye meno, na likitoka tu, tenda imekwenda.

"Huyo?" Mama Genoveva akasema. "Mbeba magunia wetu."

"Mbeba magunia anavaa suti?"

"Tunawajali wafanyakazi, mwanangu."

Letisia akaitikia kwa kichwa, kapendezwa kweli. "Jina lake?" Akaliandika. "Basi abebe hilo gunia, twende tukalipime."

Mzani ulikuwa dukani ng'ambo ya barabara. Muksini hajawahi kubeba kitu kizito kuliko dazeni ya mabeseni. Gunia likapanda mgongoni, magoti yakashuka! Suti ikalia praa! kuanzia kwapani mpaka kiunoni.

"Mkurugenzi!" vijana wa bodaboda wakapiga kelele. "Mkurugenzi, utakufa!"

"Wanamwita nani?" Letisia akauliza.

"Jina la utani," Raya akajibu haraka. "Si unajua vijana."

Tenda ikapona. Wiki iliyofuata akina mama wakaenda Mbulu mjini, wakasaini mkataba, wakapiga picha wanacheka. Waliporudi, Muksini alikuwa anawasubiri mlangoni, suti imeshonwa.

"Hongereni kwa maigizo," akasema. "Sasa nipeni hayo makaratasi, kazi ianze."

Safina hakumpa. Alifungua ukurasa wa tatu akamsomea: mbeba mizigo wa kikundi, Muksini, atakuwepo kila mzigo unaposhushwa, na afisa anaweza kuja kukagua bila taarifa.

"Ukikosekana siku moja tu, wataanza kuuliza," akasema Safina. "Unataka tufutiwe?"

Muksini hakutaka. Mwezi wa kwanza akashusha magunia arobaini. Mwezi wa pili, arobaini. Jioni ile akajilaza kwenye kochi, akaita kwa sauti nyembamba, safari hii bila kuigiza.

"Mke wangu, mgongo umekwisha. Mwezi ujao nipumzike."

"Pole sana, mume wangu." Safina akamkanda kwa maji ya moto, kwa upendo wote. "Ila mambo ya likizo sipokei nyumbani. Andika barua kwa mwenyekiti, pitishia kwa katibu."

Akaandika! Majibu yakaja baada ya siku tatu, yana mhuri wa kikundi: ombi limepokelewa, litajadiliwa mkataba ukiisha, na gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mbeba mizigo asichelewe.