Kiuno cha Tarehe 21 Juni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeshinda! Mdogo wangu Mectilda amenichagua mimi niwe msimamizi wake wa harusi, si wifi Bernadina, mke wa kaka yetu. Tarehe 21, Mbulu mjini. Wifi kanipongeza, kisha akauliza kwa upole kama kitambaa cha gauni kitanitosha. Nyoka! Nimemwagiza fundi Philomena apunguze inchi nne kiunoni. Akasema mwalimu Judica, hiki si kiuno chako. Nikamjibu kitakuwa changu.

Jumamosi, 7 Juni
Mzigo umefika kwa basi. Sindano za kuyeyusha mafuta! Kwenye simu niliona picha mbili za mwanamke mmoja: tumbo kama debe, kisha kiuno cha nyigu. Chupa sita, maandishi siyajui. Nimezipeleka zahanati, hapa Masieda. Nesi Eliakimu akazigeuzageuza, akasema hajui kilichomo, hachomi mtu. Akanisihi nizitupe. Wivu tu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemfuata mzee Hhando, bwana mifugo mstaafu. Shikamoo, marahaba, chai, habari za mahindi. Nikatoa chupa. Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanangu, mimi nachoma ng'ombe. Na ng'ombe akinenepa tunamshukuru Mungu."
Wilaya nzima haina wa kunisaidia.

Jumanne, 10 Juni
Nimejichoma tumboni mwenyewe mbele ya kioo, nikifuata video. Kushoto mara kumi. Moto! Nilipotaka kuhamia kulia, mkono ukakataa. Ujasiri umeisha.

Alhamisi, 12 Juni
Kushoto kumevimba kama nimeficha kibuyu. Muuzaji ameandika kwamba huo uvimbe ni mafuta yanayoaga. Nimefikiri sana. Nikichoma na kulia, angalau nitalingana. Nimechoma.

Jumapili, 15 Juni
Sijalingana. Kulia kwekundu, kushoto kunatoa usaha. Homa. Sikwenda kanisani, nimesingizia malaria. Gauni limeletwa, limegoma kwenye mbavu. Muuzaji hapokei simu. Nimekaa kitandani nikiwa nimelivaa nusu, nikalia.

Jumanne, 17 Juni
Naandika nikiwa hospitali, Mbulu mjini. Nani alinikuta sakafuni asubuhi? Wifi Bernadina! Hakuuliza chochote. Alinipandisha bodaboda, akakaa nyuma yangu, akanikumbatia nisidondoke. Njia yote mawe, na yeye njia yote anasali. Daktari kasema ningechelewa siku mbili, wangekuwa wanashona sanda, si gauni. Wamenipasua sehemu tatu.

Jumamosi, 21 Juni
Kengele za kanisa nimezisikia kutoka kitandani. Wifi amesimama mahali pangu, kwa gauni la kuazima. Mimi nimefungwa bandeji tumbo zima, nanuka dawa. Sijawahi kuwa mpweke hivi.
Saa tisa mlango wa wodi ukafunguka. Mectilda! Shela kichwani, vumbi kwenye viatu vyeupe. Akakaa kitandani kwangu, akalia mpaka wanja ukachuruzika.
"Dada, mimi nilikutaka wewe. Kiuno sikukiomba."
Tulishikana mikono mpaka bwana harusi akaja kumchukua. Naapa mbele za Mungu: sindano basi. Kamwe!

Jumatatu, 23 Juni
Nimeamka na nguvu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama Basili, kanieleza kwamba siku hizi kwenye miji mikubwa kuna mashine ya kugandisha mafuta. Hakuna sindano hata moja! Unalala tu, baridi inaingia tumboni, mafuta yanaganda, yanakufa yenyewe. Mbona sikuambiwa mapema? Mashine iko mbali, sawa. Lakini baridi ya Juni hapa Mbulu ni ya bure! Nesi kaja, kauliza kwa nini nimefunua shuka na kupandisha gauni la wodi mpaka kifuani. Nimemwomba anifungulie na dirisha.