Wabunifu wa Kakuma Hawakwami

Josiah Mabonga,
Kocha,
Nyuma ya duka la Jeanine,
Kakuma.

9 Oktoba 2013

Madam Chelangat,
Msimamizi,
Ofisi ya Pampu na Visima,
Lodwar.

Madam,

KUH: KURUHUSIWA KUACHA KAZI BILA KUZUIWA

Ejok, kama Waturkana wanavyosalimu, na pole kwa joto. Mimi ni mzima, ila ofisi yako imeniharibia maisha. Naomba nieleze bila hasira jinsi ilivyotokea, ili uone mwenyewe kwamba kosa ni lenu.

1. Mwezi wa pili ulinituma kwenye semina ya vipuri vya pampu, katika hoteli moja hapo Lodwar. Hoteli ile ilikuwa na kumbi mbili. Mmoja ulikuwa na vipuri. Wa pili ulikuwa na feni. Hukuniambia niingie upi. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimepigiwa makofi na watu nisiowajua, nimelia mbele yao, na Bwana Njenga, mgeni kutoka Nairobi aliyeendesha semina ya ukumbi wa feni, alikuwa amenishika mabega akaniambia, "Josiah, wewe si mtu wa pampu. Wewe umezaliwa kukwamua watu." Alifundisha kwamba kila mbunifu, awe mwimbaji, mchongaji au mshonaji, siku moja hukwama, na siku hiyo humhitaji kocha. Nilipewa cheti. Jina lililoandikwa ni Josephine, lakini Bwana Njenga alisema hilo nalo ni jaribu langu la kwanza.

2. Nilipokuletea barua ya kuacha kazi, uliisoma ukasema, "Sawa." Madam, nimeitumikia ofisi ile tangu nikiwa na nywele, na jibu ni neno moja! Mimi nilikuwa nimejiandaa kubembelezwa. Mimi na mke wangu Rael tulikuwa tumefanya mazoezi nyumbani Nawoitorong: yeye anakuwa wewe, ananisihi nibaki, nami nakataa kwa huzuni. Rael alinisihi vizuri mno, mpaka nikaanza kushuku kwamba hafanyi mazoezi. Wewe ukasema sawa, ukamwita karani Maryanne alete soda, na wenzangu wakainywa kwa uchangamfu ambao mpaka leo unanisumbua usingizini.

3. Nilihamia Kakuma kwa kuwa huku kwenye kambi ya wakimbizi wabunifu ni wengi kuliko vivuli. Jeanine, mama wa Kikongo mwenye duka, alinipa chumba cha nyuma. Nikamwita fundi aniandikie ubao. Akaandika KOCHA kwa herufi kubwa sana, akaenda kula. Kabla hajarudi, vijana walikuwa wamejaa mlangoni na mpira, wananiuliza tunacheza na nani Jumamosi. Nilimwambia fundi aongeze haraka "wa Mbunifu". Ubao ukamwishia. Leo ubao wangu unasema KOCHA WA MBUNI. Siku ya pili alifika bwana mmoja kutoka Lopur, jina lake Ekidor, amekokota mbuni mwenyewe, yule ndege, kwa kamba. Alisema ndege huyo hataki kutembea. Nilimwambia mimi si wa mbuni. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akakaa chini kungoja mwenye ofisi.

4. Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa Nyakim, mama wa Sudan Kusini anayetarizi maua kwenye shuka za kitanda, zile wanazoziita milaya. Nilikaa mbele yake nikamuuliza swali la Bwana Njenga: "Dada, ni kitu gani kinakuzuia?" Akafikiri, huku sindano inaenda. Akasema, "Mguu yako. Imekanyaga shuka." Nilipousogeza mguu nikamfafanulia kwamba siku moja atakaa na sindano mkononi na ua lisije. Aliacha kushona, akanishika mkono. "Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ugonjwa iko kwenu?" Jumapili ile kanisa zima lilisimama kuniombea. Mchungaji alinitaja kwa jina. La Josephine, kwa sababu aliliona kwenye cheti.

5. Kumbe Ekidor ni mchongaji wa vile viti vidogo vya mbao ambavyo wazee hubeba na kuvilalia kichwa. Nilimfuata Lopur. Nilimkuta ameketi na shoka, hafanyi lolote, ananitazama. Madam, moyo wangu uliruka! Huyu amekwama, nikajiambia. Nilikaa naye asubuhi nzima. Nilizungumza kuhusu hofu, kuhusu baba yake, kuhusu sauti ya ndani inayotuambia hatuwezi. Akawa anaitikia kwa kichwa tu. Mwishowe nikamwomba aseme kilicho moyoni. Akasema, "Mzee, toka kwa hiyo mti. Hiyo ndio kiti." Nilikuwa nimekalia gogo lake. Niliposimama alikichonga kiti mbele yangu huku akipiga mluzi. Ni kizuri sana. Nimekikalia ninapoandika barua hii.

6. Linaloniuma zaidi ni la Manyang. Kijana huyu huimba nyimbo za kumsifu fahali wake. Fahali mwenyewe alibaki ng'ambo ya mpaka wakati wa vita, lakini Manyang bado anamtungia wimbo kila siku, na hazifanani hata mbili. Nilimwomba, kwa faida ya taaluma, ajaribu kukwama kidogo tu. Kwa heshima alikubali. Alikaa kimya nyuma ya duka mpaka saa za kuteka maji, akainuka na wimbo mpya kuhusu mtu mnene aliyemwomba fahali asahau malisho. Wimbo huo una kiitikio. Watoto wanaujua. Nimewahi kuuitikia mwenyewe kabla sijaelewa unamhusu nani.

7. Rael alikuja kunitazama mwezi uliopita. Huko kwake wamempongeza kwamba mumewe ni kocha, wakamuuliza ni wa timu gani, akashindwa kujibu. Alikaa kwenye kitanda changu bila kuvua kitambaa cha kichwa. "Baba Chebet," akasema, "rudi nyumbani, ama uniambie unafanya nini. Moja kati ya hayo mawili nitaweza kuishi nalo." Nilifungua kinywa nimwelezee. Wakati huohuo vijana wa mpira wakaingia kuniambia tumefungwa. Rael aliondoka na gari la kwanza, na tangu siku hiyo simu zangu hupokelewa na dada yake.

8. Mwisho, na hapa ndipo hatia ya ofisi yako inapokuwa wazi. Wiki iliyopita Jeanine aligonga mlango akisema, "Kocha, kuja mbio, iko yenye kukwama!" Nilichukua cheti, nikavaa shati la mikono mirefu, nikakimbia. Ilikuwa pampu. Akina mama walikuwa wamepanga mitungi hadi barabarani, wamefika kiwango cha kutupiana maneno. Nikakunja mikono ya shati. Ilikuwa ngozi ya ndani tu imekatika, nikakata nyingine kwenye kiatu changu cha kushoto. Maji yalipotoka watu walipiga vigelegele, Nyakim alinimwagia maji kichwani kwa furaha, na kwa mara ya kwanza nikasikia wakisema kwa umoja, "Huyu ni kocha!" Nilisimama pale, mguu mmoja peku, nikaona aibu isiyo na kifani. Kwa maana, Madam, katika Kakuma nzima kitu pekee kinachokwama ni pampu, na pampu ulikuwa nazo wewe, ukaniacha niondoke.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, utangaze kwamba lile "sawa" lako lilitamkwa kimakosa, na nirudishiwe kiti changu kama mtu aliyetoka kwenda msalani. Pili, kama hilo ni gumu, basi utumie cheo chako kuagiza kwamba kila mwimbaji, mshonaji na mchongaji, kuanzia hapa hadi Kataboi, akwame angalau kila Jumatano. Siku nyingine wafanye wapendavyo, sitaki kuonekana mkatili. Tatu, mbuni aliyeachwa na Ekidor mlangoni kwangu aorodheshwe kama mali ya ofisi, kwani ameanza kutembea na hakuna anayekuja kumchukua.

Nisalimie Maryanne, mlinzi na mkewe, madereva wote, na yule aliyekalia meza yangu, ambaye namwombea mema japo sijui jina lake na sitaki kulijua. Ukimwona Rael sokoni mwambie nimekonda.

Wako aliyeruhusiwa kupita kiasi,

Josiah Mabonga

Nyongeza: Madam, futa yote niliyoandika hapo juu. Nilikuwa nalamba bahasha uliposhuka kwenye lori hapa mlangoni na sanduku lako. Umesema umeacha kazi jana. Umesema kwa miaka mingi umekuwa ukiandika, kwa siri, mchezo wa kuigiza kuhusu mtumishi anayeacha kazi nzuri, na kwamba umekwama kabisa, kwa sababu huelewi mtu mwenye akili timamu angefanyaje jambo kama hilo. Kisha ukaanza kulia. Ni kweli, umekwama! Sijawahi kuona mtu aliyekwama vizuri namna hii. Nimempigia Rael na safari hii amepokea mwenyewe, nikamwambia nimepata mteja, akauliza nani, nikamwambia, akacheka mpaka simu ikakatika. Barua hii nitaituma tu, maana bahasha imeshalowa. Atakayekalia kiti chako asinirudishe kazini. Sasa uko hapa mbele yangu na uji mkononi, umeniuliza mimi niliacha kwa nini, kwamba ukijua utaendelea na tukio la pili. Nimefungua kinywa. Hakuna kinachokuja.