Birika la Shangazi Florrie

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Siku tano zimebaki na nimeshashinda. Naandika mapema, baadaye isionekane najisifu.

Jumamosi kiti cha Bibi Opal kinapata mtu. Pale barazani kwenye stesheni ya zamani kuna viti vya kubembea kumi na viwili. Ndipo klabu ya wapenzi wa Pumpkin Fork hukaa kila Jumamosi, wanakula mayai ya kujazwa na kubishana juu ya vichekesho hivyo, vilivyoondoka kwenye televisheni kabla mama yangu hajazaliwa. Bibi alikaa kiti cha nne miaka thelathini na moja. Mimi nilikaa sakafuni, kichwa kwenye goti lake. Alipofariki, Februari, walikifunika shuka jeupe.

Sheria yao: shuka linakaa nusu mwaka. Kisha kiti anapewa atakayeleta kitu kilichopita mbele ya kamera ya Pumpkin Fork, na ajibu maswali kumi, apate si chini ya saba. Asipotokea mtu, katibu anachagua. Katibu ni Bi Wanda Stroud. Bi Wanda ana wifi. Wifi ana makalio yanayotafuta pa kutua.

Na mimi nina mtoto wa miezi minane, anaitwa Opal, na hajabembezwa kwenye kiti kile hata mara moja. Basi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Maswali siyaogopi. Shule sikuimaliza, lakini Pumpkin Fork nimeimaliza mara kumi na moja. Kasoro ni kitu. Kitu sina. Nina mpango!

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Mpango ni birika.

Kila aliyeangalia Pumpkin Fork analijua birika la Shangazi Florrie. Anammiminia kahawa Postamasta Wendell, Wendell anashukuru, anatazama pembeni, anaimwaga kwenye chungu cha maua. Mara arobaini na moja! Maua yalikufa sehemu ya tatu, yakaendelea kufa miaka sita.

Sasa, Bibi aliacha birika lenye umbo lilelile. Mdomo umepinda kushoto vilevile. Rangi ndiyo aibu. Kijani ya njegere zilizopondwa na kusahauliwa. Kila Jumamosi aliwapikia klabu kahawa humo. Nikimwambia anunue jingine, anacheka, anasema, "Hili limefika mahali wewe hujafika." Nilidhani anasema ufukweni, Myrtle Beach.

La Shangazi Florrie ni jekundu. Kila mtu anajua. Jekundu kwenye vikombe vya tamasha letu la kila Septemba, kwenye fulana, kwenye ukuta wa stesheni ambapo wamelichora kubwa kama gari. Jekundu la nyanya iliyoiva.

Kwa hiyo: kopo moja la rangi ya kupuliza.

Dewey, mume wangu, aliuliza huku akivua viatu vya kazi kama huo si uongo. Nikamweleza kwamba uongo ni kitu kinachogunduliwa. Akasema haya, mama Opal, akaenda kuoga. Mwanamume mwema. Hana maono.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Kazi kubwa leo. Nimelipiga msasa nje na ndani ya kifuniko. Chini kulikuwa na michubuko, mtu alikwaruza tarakimu kwa msumari: 114. Mbaya kwelikweli. Nimeijaza gundi ya bati, nikaisawazisha kwa kidole. Huwezi kujua kama iliwahi kuwepo.

Kisha rangi. Upepo ulikuja dakika ileile niliyobonyeza. Mbwa wa jirani sasa ana sikio moja jekundu. Linampendeza.

Ili ikauke haraka nimeliweka ndani ya oveni. Sikutegemea moshi. Opal nami tumeshinda kwenye majani chini ya kamba ya nguo, tumekula sandwichi za nyanya, yeye amekula ukoko wa mkate na jani moja kabla sijamwahi. Siku nzuri. Birika limetoka linang'aa kama gari la zimamoto.

Dukani nilikutana na Bi Wanda. Alimshika Opal shavu, akasema mtoto kachukua pua ya marehemu, Mungu amsaidie. Halafu akanidokeza kwamba wifi yake analeta leso iliyomfuta jasho mwigizaji wa Shangazi Florrie. Leso! Leso yoyote imefuta jasho la mtu. Nilimwambia ni kitu kizuri sana. Nilicheka kimoyomoyo mpaka kwenye mashine ya barafu.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Kitu kikubwa kinataka karatasi. Nimekwenda maktaba nikaandika barua kutoka studio, ya mwaka 1967, inayomtunuku Bibi birika. Nimeandika maneno mazito. "Kwa heshima na taadhima." Nimeitia chai ionekane kuukuu.

Nyumbani nikaona mashine ya maktaba imechapa tarehe ya leo pembeni chini. Nikaikata kwa mkasi. Sahihi ikaenda nayo. Nikakata juu pia ili zilingane. Ikabaki "heshima na taadhima" peke yake, ukubwa wa stempu.

Haidhuru. Nitatumia uso wangu. Uso wangu unaaminika, hata kasisi amewahi kusema.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Majibu nayajua, lakini mtu mwenye akili hujikinga na bumbuwazi. Nimeyaandika kwenye bibu ya Opal, kile kitambaa cha kukinga udenda, kwa kalamu ya nguo ya bluu. Sanduku la posta la yule bwana asiyepata barua: namba 9. Jina la nyumbu: Deacon. Chungu cha maua: 41. Nimeandika kinyumenyume kidogo, juu chini, ili nikimpakata nisome mimi tu. Nani atamshuku mtoto?

Nimepika pia pudini ya ndizi. Nimebandika jina langu chini ya bakuli kwa utepe, kama kila mtu, maana mwaka jana bakuli la Bibi lilikwenda likakaa kwa Bi Wanda hadi Pasaka.

Kesho. Nalala mapema kama bondia.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Andika kila kitu, Misty. Usiruke.

Tulifika saa nne asubuhi. Viti kumi na kimoja vimejaa, cha nne kina shuka. Hakuna aliyepika kahawa. Tangu Februari wanakunywa chai baridi na hawasemi kwa nini. Wifi wa Bi Wanda alikuwa amevaa gauni jipya na ameshika leso ndani ya mfuko wa plastiki kama ushahidi wa polisi.

Mzee Harlan Teague ndiye mwenyekiti. Ana miaka themanini na minne. Ujanani alifagia ile studio kule California misimu miwili, na tangu hapo hajalipa kinyozi katika mji huu, hulipa kwa hadithi. Akaangalia leso. Akauliza ilitoka wapi. Wifi akasema mnadani. Akauliza nani kathibitisha. Wifi akasema harufu. Mzee akairudisha kwa adabu.

Zamu yangu. Nikafunua taulo.

Mungu wangu, walivyoguna! Bi Clarice aliweka yai chini. Nikawaambia kwa sauti ya kutulia kwamba hili ndilo birika lenyewe la Shangazi Florrie, Bibi alilificha miaka yote. Uso wangu ulifanya kazi yake yote. Mzee Harlan akasogea karibu. Alilitazama, akanitazama, akatazama kiti. Macho yalimlowa. Nikajua nimeshinda.

Maswali. La kwanza, sanduku namba 9, sawa. Kwenye la pili nikainamia bibu ili kuhakikisha. Opal alikuwa ameitia nusu mdomoni. Nusu nyingine ilikuwa udenda wa bluu, na kidevu cha bluu, na ngumi ya bluu. Basi nikajibu kwa kichwa tu. Nyumbu, sawa. Arobaini na moja, sawa. Sikuwa hata nafikiri, majibu yalitoka na sauti ya Bibi, kama ameniinamia sikioni kutoka kwenye kiti. Tisa juu ya tisa!

La kumi aliliuliza Bi Wanda mwenyewe, ametabasamu kwa meno ya chini. Birika la Shangazi Florrie lilikuwa rangi gani?

Nikalinyanyua. Nikasema jekundu, bila shaka, si mnaliona?

Akafungua daftari la klabu, akasoma kwamba jibu ni "haijulikani". Pumpkin Fork ilipigwa nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Wekundu ule aliubuni mtu wa kuchora vikombe, mwaka 1988. Baraza nzima wanalijua hilo, isipokuwa aliyelala sakafuni kabla mjadala haujafika hapo. Akauliza, basi, birika halisi limepataje rangi ya kikombe cha zawadi? Na kwa nini linanuka oveni?

 Niliangalia shuka jeupe. Nilimbana Opal, akanipaka bluu.

Hapo Mzee Harlan akatoa kisu cha mfukoni. Akaligeuza birika, akakwangua chini taratibu kama mtu anayemenya chungwa la mgonjwa. Gundi ikatoka. 114. Akakwangua ubavuni. Kijani ya njegere.

"Nyekundu kwenye kamera zile ilipotea gizani," alisema. "Jiko la Florrie lote lilikuwa kijani hiki kibaya. Nimelifagia mwenyewe. Hii namba ni ya stoo ya studio."

Bi Wanda akamuuliza, polepole, amejua tangu lini.

"Tangu kikombe cha kwanza, Wanda. Opal aliandika barua walipofunga studio, wakamtumia. Akaniomba ninyamaze. Alisema mkijua mtalitia ndani ya kabati la kioo, na kahawa mtaipikia wapi?"

Hakuna aliyebembea. Miaka thelathini na moja wamekunywa kahawa ya Shangazi Florrie wakilalamika ni mbaya. Bi Clarice alikiri kwamba yake alikuwa akiimwaga kwenye chungu cha maua. Kumbe wengi. Walicheka, kisha wengine wakalia, kisha pudini yangu ikaliwa.

Bi Wanda hakulia. Alisema nilikuja kudanganya. Mzee Harlan akamjibu kwamba nilikuja kudanganya nikasema kweli, na hakuna sheria inayokataza hilo. Kitu kimepita mbele ya kamera. Maswali tisa. Shuka litoke.

Likatoka. Nikakaa. Opal alilala kabla ya bembeo la tatu, kidevu cha bluu juu ya kifua changu. Mto wa Bibi bado una tundu la kiwiko chake. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Ila Bi Wanda ana kalamu. Ameandika daftarini: "Kwa muda, hadi tamasha la Septemba, kwa kuwa kitu kimeharibiwa na mwombaji." Ili maneno hayo yafutwe, nilete kitu cha pili, kisichoguswa na mtu. Aliyasema huku akipakia bakuli lake. Na langu.

Mzee Harlan alinisindikiza hadi kwenye gari. Alisema birika atalisafisha yeye, nisilikaribie. Halafu akaninong'oneza kwamba Bibi alitumiwa vitu viwili kutoka jiko lile, si kimoja. Cha pili hakumwonyesha mtu. Kitakuwa humo ndani ya nyumba aliyoniachia.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilikuwa natafuta.

Nimepekua nyumba nzima. Kabati, stoo, chini ya kitanda, sanduku la vifungo. Natafuta kijani ya njegere, maana sasa nina elimu: jiko la Florrie lote lilikuwa kijani. Hakuna. Kijani pekee humu ndani ni soksi za Dewey. Ama Bibi alikitoa kwa mtu, ama Mzee Harlan umri unamchezea.

Dewey akashauri nimwite Mzee aje atazame mwenyewe. Nikamwambia mtu hakimbilii msaada wakati anajua siri ya rangi.

Basi nimekitengeneza. Juu ya friji kuna lile sanduku la mkate la Bibi, la bati, limepauka hadi rangi ya krimu iliyobabuka, halina faida kwa mtu. Umbo linafaa sana. Linafanana kabisa na lile la jikoni kwa Florrie, ambamo Wendell alificha barua asizotaka kuzipeleka, sehemu ya kumi na saba. Kopo moja la kijani. Nimeikoroga na ya manjano kidogo hadi njegere zikatoka zenyewe. Safari hii bila oveni. Ninajifunza haraka!

Opal amesimamia kazi kutoka kwenye blanketi. Kidevu bado cha bluu.

Limetoka zuri mno. Usumbufu ulikuwa mmoja tu: chini kulikuwa na kikaratasi kikuukuu kimegandamana, kimeandikwa 115. Nimekilowesha kikatoka, nikakitupa. Bei ya dukani, nadhani. Dola moja na senti kumi na tano kwa sanduku zima la mkate. Bibi alijua kununua.