Bunduki Fupi na Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho katangaza leo. Atakayethibitisha asili ya bunduki fupi ndiye atakayekuwa mkuu wa waongoza wageni. Tuko wawili tu: mimi na Kamusi, aliyepewa jina hilo kwa kujua hata asichoulizwa. Bunduki yenyewe ni ya rashasha, mtutu mfupi kuliko zote za aina yake. Mimi huwaambia wageni ilitoka kiwandani hivyo hivyo, kwa ajili ya askari wa miavuli. Kamusi huwaambia ilikatwa tu na mtu. Wiki jana wageni wangu na wake walikutana uani wakabishana mpaka bawabu akaingilia.

Cheo ni changu. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Kasema Mkuu akatupe takataka.

Jumanne, tarehe 5
Kamusi kaja na rula. Kawaonyesha wageni mikwaruzo kwenye ncha ya mtutu, eti kiwanda hakiachi mikwaruzo. Nikasema hiyo ni alama ya ubora. Wageni wakacheka. Nikacheka nao, ionekane nilikuwa natania.

Lakini mjanja halali njaa. Baba mkwe alikuwa jeshini enzi za bunduki hizi. Mzee mwenye nishani kifuani, nani atambishia?

Jumatano, tarehe 6
Nimekwenda kwa baba mkwe. Nimemwamkia kwa adabu zote, nikamfundisha la kusema: bunduki zilikuja kwenye makasha, fupi hivyo hivyo. Akaitikia kila neno. Akauliza kama hiyo yetu ina ufa kwenye kitako. Nikasema ndiyo. Akatabasamu muda mrefu. Nimefurahi, mzee kauelewa mpango.

Ijumaa, tarehe 8
Mungu wangu! Mzee kaja makumbusho, kaishika bunduki mbele yetu sote, kaikumbatia kama mjukuu, kasema aliikata yeye mwenyewe kwa msumeno wa chuma. Ilikuwa inagonga mlango wa lori kila akishuka, na sajini kachoka kumtukana. Sajini aliporudi kutoka likizo, mzee akamwambia ni toleo jipya kutoka kiwandani, la askari wa miavuli. Sajini akaamini, akawatangazia wote.

Yaani hadithi yangu ni uongo wa baba mkwe. Nilitamani ardhi ipasuke. Kamusi akapiga makofi peke yake, akamwomba Mkurugenzi amtangaze mshindi.

Mkurugenzi akauliza shahidi kaletwa na nani. Nikanyoosha mkono taratibu. Akasema Kamusi alisema kweli bila ushahidi, mimi nilisema uongo nikaleta ushahidi, na makumbusho huishi kwa ushahidi. Cheo changu! Nimempigia mke wangu simu. Kasema hongera Mkuu, akacheka mpaka simu ikakatika. Sijali. Leo nimetembea ukumbini kifua mbele, Kamusi akinipisha mlangoni.

Jumamosi, tarehe 9
Siku ya kwanza ya ukuu. Mkurugenzi kaagiza niseme alichosema mzee, basi. Nikaanza vizuri. Kufika kwenye msumeno, wageni wakapiga miayo. Nikaongeza chumvi kidogo: msumeno ulitumwa na kiwanda kwa siri, na mzee alichaguliwa kati ya mafundi elfu. Wakasimama wima wote. Mmoja alitokwa na machozi.

Ni mwandishi wa gazeti. Jumatatu anataka kuonana na mzee ana kwa ana. Hakuna shida. Kesho nakwenda kumfundisha la kusema.