Shavu la Marehemu Rutayisire

Jumamosi, 8 Juni 1991
Kazi imepatikana! Mama Mukantwari, mwenye nyumba wangu, anataka kichwa cha marehemu mumewe, Rutayisire, kiwekwe sebuleni siku ya kumaliza matanga. Nikifinyange kwa udongo wa mafuta, ule usiokauka, kisha nikitolee kalibu ya plasta, lile umbo la kumwagia nakala. Akiridhika, nabaki kwenye chumba cha uani. Asiporidhika, chumba anapewa Mutsinzi, mchora vibao wa jirani, anayekimezea mate tangu Pasaka. Nimepewa picha. Marehemu alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Maskini.

Jumatatu, 10 Juni
Sura imetoka. Pua, masikio, hata makovu. Ila alama za vidole vyangu zimejaa kila mahali, na zote zitaingia kwenye kalibu. Mutsinzi amechungulia dirishani, akasema marehemu amekanyagwa na kuku. Nimeapa kukilainisha kichwa hiki mpaka Mutsinzi augue.

Jumanne, 11 Juni
Nimeanza na maji. Yameteleza yote. Nilisahau kuwa udongo wenyewe ni wa mafuta! Nikahamia mafuta ya taa, brashi nzima, bila ubahili. Baada ya saa moja pua ilikuwa imefika mdomoni. Nimeirudisha. Hakuna aliyeona, isipokuwa Mutsinzi.

Alhamisi, 13 Juni
Uvumbuzi! Kijiko cha chai kilichopashwa moto kwenye mbabula, jiko la makaa. Unapitisha polepole, kisha unamalizia kwa kidole chenye tone moja la mafuta ya taa. Alama zangu zimekwisha. Nilipozimaliza mkono ulikataa kusimama, nikaingia kwenye makovu. Moja, mawili, shavu zima. Madaktari walishindwa, mimi nimemponya kwa kijiko! Sasa anang'aa kama yai lililomenywa. Nimeacha mlango wazi makusudi. Mutsinzi akaja, akatazama sana, akauliza harusi ni lini. Wivu mtupu.

Jumapili, 16 Juni
Familia imekuja kutoka misani kukikagua kabla ya kalibu. Dada wa marehemu alikisalimia kichwa kwa heshima, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ni mtoto wa nani. Mama Mukantwari alikisogelea. Aliweka vidole shavuni akawa anatafuta, juu, chini, nyuma ya taya. Mwishowe akasema, “Huyu iko muzuri, fundi Maneno. Lakini bwana yangu haiko hapa.” Akaeleza kwamba miaka thelathini alimshika shavu hilo gizani na kumjua kwa mashimo yake. Nilisikia aibu, nakiri. Nikamweleza kwamba mashimo hushika mapovu ya plasta. Hakuonekana kujali plasta.

Jumatatu, 17 Juni
Mutsinzi ameitwa. Amechukua njiti ya ufagio na ile picha, akatoboa toboa nusu saa. Njiti ya ufagio! Mama Mukantwari akashika shavu, akalia, akasema ni yeye. Wote wakalia. Mimi pia nililia kidogo, kwa sababu ya chumba.

Jumatano, 19 Juni
Nimehamia Gatsata, kwa shemeji yangu Nizeyimana mwenye gereji. Nalala kati ya magurudumu mawili ya lori. Shemeji ni mtu mwema. Anasema vipuri havipatikani tangu vita vianze, na fundi wa kalibu atamfaa sana.

Jumamosi, 22 Juni
Kazi ya kwanza! Mpira wa pedali ya breki ya lori. Nimeufinyanga kwa udongo, nitoe kalibu, tumwage mpira. Shemeji amesisitiza niangalie ile mifereji ya juu, ndiyo inayozuia kiatu kisiteleze. Nimeiangalia. Mibaya, inashika matope, na ilikuwa na alama za vidole vyangu. Nimepasha kijiko. Hauonekani hata mmoja! Kesho dereva anaujaribu kwenye mteremko wa Nyabugogo. Namhurumia Mutsinzi, hatauona.