Ziwa Ndani ya Beseni

Jumatatu, 15 Aprili

Leo ziwa limeingia dukani kwangu! Si maji. Maji bado yako hatua themanini chini. Ni tarakimu!

Nimenunua kwa Nour, muuza vyombo vilivyotumika, kipimo cha maji kilichoachwa na mradi fulani uliokwisha. Kichwa chake ni chuma cha ukubwa wa ngumi. Nimekizamisha kwenye nguzo ya gati la zamani, na waya wake nimeupandisha hadi kwenye kompyuta ninayopigia watu chapa barua zao. Skrini ikakaa kimya. Kisha ikaandika: 209.

Sentimita mia mbili na tisa za maji pale nguzoni! Tanganyika, ziwa lenye kina ambacho milima yetu ingezama ndani yake na kuoga, limenijibu mimi, Khalifa wa Rumonge. Nilivua kofia. Nilikuwa peke yangu, lakini nilivua.

Sababu ya yote haya: Ijumaa, wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ufukweni wataamua kama wahamishie vichanja vyao juu kwenye michikichi, mbali na mitumbwi, au wabaki. Dada yangu Sikuzani ana vichanja kumi na viwili. Tangu mumewe afariki hana kingine. Na nani anawaambia wahame? Zahor, mwenye duka la misumari. Amechomeka kijiti mchangani, akakikata alama kwa kisu, na sasa anatangaza kwamba ziwa linapanda. Mtu anauza futi kamba dukani kwake, na ziwa analipima kwa kijiti! Nitamzika kwa sayansi.

Jumanne, 16 Aprili

Maafa.

Programu niliiandika mwenyewe, kwa msaada wa kitabu cha Kifaransa cha kurasa mia sita. Inakiomba kiendeshi data. Kiendeshi ni ile programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, kama mkalimani. Mafundi wetu huiita piloti. Shida ni kwamba kifaa hukusanya mawimbi kwa dakika kumi ndipo kitoe jibu moja. Dakika zote hizo programu yangu imesimama, inangoja. Na kompyuta nzima imesimama nayo.

Wateja wanne walipanga mstari. Mama mmoja kutoka Bugarama, aliyetaka barua ya shule, aliuliza kama mashine yangu imekufa ama inaswali. Nikamjibu kwa heshima kwamba inasikiliza ziwa. Akasema basi niliulize ziwa litapiga chapa barua yake saa ngapi. Wote wakacheka. Wote wakaondoka.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwita Benita, fundi wa kompyuta. Amesoma Bujumbura, ana watoto wawili na hana subira na wanaume wenye hotuba. Nilimweleza kwamba kungoja ni adabu mbele ya kitu kikubwa kama ziwa. Akaniuliza swali moja. Nikipeleka muhogo kwenye mashine ya kusaga, je, nasimama pale hadi zamu yangu ifike?

La hasha. Naacha beseni langu kwenye mstari, naweka jiwe juu yake, nakwenda sokoni. Msagaji ataniita.

Akasema basi, kipe kiendeshi beseni, mzee, uende zako.

Akaandika upya mistari ishirini. Sasa programu inakikabidhi kiendeshi beseni tupu na kuendelea na kazi nyingine. Kiendeshi kinalijaza kimyakimya. Likijaa, kompyuta inalia kengele, programu inalipokea beseni na kukipa jingine. Benita aliweka sharti moja tu: nisitie mkono ndani ya beseni kabla ya kengele, maana nitakuta unga wa jana. Alirudia mara mbili. Nilimkumbusha kwamba nimesoma vitabu vingi kuliko duka lake lilivyo na nyaya.

Nikapiga chapa barua ya posa. Kurasa mbili! Na wakati huohuo, chini ya barua, nyuma ya skrini, mtumishi asiyeonekana alikuwa ufukweni akihesabu mawimbi kwa ajili yangu. Hakuomba nimtazame. Hakuomba shukrani. Kengele ikalia: 212. Macho yalinilowa. Mwenye posa akadhani nimeguswa na barua yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Kengele inakera. Kila dakika kumi! Nilikuwa katikati ya sentensi bora ya waraka wangu dhidi ya Zahor, yenye vituo vitatu na tusi la heshima, ikalia. Sentensi ikafa.

Nimeiondoa. Mstari mmoja tu, nimeufuta. Badala yake programu inakabidhi beseni na kuchungulia papo hapo. Jibu bila kungoja! Benita hakulifikiria hili. Nikachungulia: 212. Tena: 212. Mara arobaini hadi alasiri: 212!

Nilikaa chini. Ziwa limesimama. Jitu lile la maji, lenye mamba na dhoruba zake, limetulia kama chai iliyosahauliwa. Na katika Rumonge yote anayejua ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Baada ya swala nilisoma waraka wangu kwa Kankindi, anakouza chai na mandazi, na ambako wanawake wa vichanja walikutana. Zahor akasema kijiti chake kimezama alama mbili tangu juzi. Nikamwambia kinazama kwa aibu. Vicheko! Hata Kankindi alimwaga chai.

Kisha wakapiga kura, wakaamua kuhama. Wanacheka na mimi, wanahama na Zahor.

Sikuzani akanivuta pembeni. Akaniita yaya, kama tunavyowaita kaka wakubwa huku kwetu, na akaniomba nimwambie kweli, si maneno ya waraka. Ahame? Kubeba vichanja kumi na viwili ni siku nzima, na ndagala zake zilikuwa zimebakiza jua moja tu.

Nikamwambia: mia mbili na kumi na mbili.

Akabaki. Peke yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua milimani tangu alfajiri, na upepo ziwani. Mimi dukani. 212.

Benita akaingia amelowa hadi magotini. Nikamwonyesha skrini. Akasema maji aliyopita ndani yake hayajapata hiyo habari. Akaniuliza kengele iko wapi. Akafungua foleni ya kiendeshi.

Yote yalikuwamo! Mabeseni yaliyojaa, moja nyuma ya jingine, kila moja na saa yake: 213. 214. 217. 221. Siku mbili za ziwa, hakuna wimbi lililopotea. Kiendeshi hakikuchoka na hakikuninung'unikia. Kilijaza, kikapanga, kikasubiri mtu wa kupokea. Na mimi nilikuwa nachungulia beseni lilelile la Jumatano. Nimesoma juu ya watakatifu wenye subira ndogo kuliko hiyo. Nilibaki nikishangilia hadi Benita aliponivuta mkono. Mzee, Sikuzani!

Ufukweni hapakuwa na ufukwe. Zahor alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, kichanja kichwani, suruali nzuri ya Ijumaa imeharibika. Wanawake walivuta kwa kamba. Saba vimeokoka. Vitano vimekwenda na ndagala zake zote.

Sikuzani alinitazama. "Yaya, ile nambari yako iko wapi? Ilete tuianike."

Akarudi kuvuta kamba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwake. Dirishani akanijibu kwamba amelala, kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa. Ndani nilimsikia Zahor akigongomelea vichanja vipya kwa misumari yake mwenyewe. Anajipendekeza.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeirudisha kengele. Benita alisimama nyuma yangu hadi nilipomaliza.

Kisha nikamwandikia Sikuzani barua. Kurasa nne, bila tusi hata moja, isipokuwa dogo kwa Zahor. Nimekiri kila kitu. Nimeahidi vichanja vitano kwa mikono yangu. Nimemwomba anisamehe, na nimemkabidhi Benita ampelekee. Kazi safi! Ombi limeondoka, mimi naendelea na shughuli zangu.

Barua imetoka saa tatu kamili. Sasa ni saa tatu na dakika moja. Benita bado yuko mlangoni, anatafuta mwavuli.

Nikachungulia: Sikuzani amenisamehe! Moyo wa dada hauna mfano. Nimeanza waraka wa kumshukuru hadharani, na mchana nakwenda kula kwake.